Madini ya Vifungo vya Shati: Mwongozo kwa Mwenye Kuagiza kwa Sonara

Mtu anayekwenda kwa sonara kuagiza vifungo vya mikono ya shati, vishikizo vya kifuani, pini ya ukosi au kibanio cha tai, aghalabu huanza kwa kutaja rangi aipendayo, kisha huuliza bei, na baada ya mambo hayo mawili huona kuwa shauri limekwisha. Nakusihi, msomaji, uanze mahali pengine. Anza kwa kuuliza kila sehemu ya pambo hilo itafanya kazi gani, itapindwa mara ngapi, itagusana na nini, na itaning'inia juu ya kitambaa cha namna gani; maana uso wa kifungo ndio unaotazamwa na watu, lakini uhai wake umo katika kijiti, mnyororo na bawaba ambazo hakuna azitazamaye, na kifungo kinachodondoka njiani hudondoka kwa udhaifu wa sehemu hizo zilizofichika, si kwa upungufu wa uzuri wa uso wake.

Shati la mikono ya kukunjwa mara mbili halishonewi vifungo mikononi. Hukatwa matundu manne katika kila mkono, na mkono ukikunjwa matundu hayo huelekeana, kijiti kimoja kikapita katika yote manne. Kanzu za Saudia na Kuwait nazo hushonwa mikono ya namna hii, na wenyeji wa huko huvaa vifungo hivi pamoja na kanzu kama wengine wavivaavyo pamoja na suti. Kijiti hicho sharti kiwe chembamba kiasi cha kupita bila kuchana nyuzi, na kigumu kiasi cha kutopindika mvaaji anapoegemeza mkono wake juu ya meza. Kuna namna tatu za kukifanya. Ya kwanza, iliyo kongwe, ni nyuso mbili zilizoungwa kwa mnyororo mfupi. Ya pili ni kijiti kizima kisichokunjika, chenye kichwa kikubwa upande mmoja na kidogo upande wa pili. Ya tatu, ambayo ndiyo imejaa madukani, ni kijiti chenye kipande kinachozunguka juu ya bawaba na kushikwa na kamani ndogo iliyofichwa ndani yake.

Kila namna ina madai yake juu ya madini. Mnyororo hauhitaji kamani wala ugumu mkubwa, na kwa hiyo unaweza kufanywa hata kwa dhahabu laini, maadamu kila pete ya mnyororo imelehemiwa ikafungika kabisa, kwa kuwa pete iliyobanwa kwa koleo tu itafunguka siku moja bila kutoa taarifa. Kijiti kizima hakina sehemu inayocheza, basi hakina kinachochakaa, lakini kinadai madini yenye kustahimili mkazo. Bawaba ndiyo yenye madai mengi zaidi, na kamani yake aghalabu ni ya chuma hata kama kifungo chote kilichobaki ni dhahabu tupu. Maoni yangu ni kwamba anayeagiza kitu cha kudumu, kitu anachotumai kumwachia mwanawe, achague mnyororo au kijiti kizima, na bawaba awaachie wanaonunua vitu vilivyokwisha kutengenezwa. Ila kama vidole vyako vimezeeka au unavaa peke yako bila mtu wa kukusaidia, bawaba ni rehema, na hapo sharti umwulize sonara kamani hiyo ni ya madini gani na kama inaweza kutolewa ikatiwa nyingine.

Sasa tuingie katika dhahabu, ambayo ndiyo ya kwanza kutajwa na walio wengi. Dhahabu safi ni ya karati 24, na dhahabu ya namna hiyo ni laini mno kwa kazi yetu. Huchanganywa na fedha na shaba nyekundu ili ipate ugumu, na karati huonyesha ni sehemu ngapi katika 24 zilizo dhahabu. Karati 22 ina sehemu 916 katika 1000, karati 18 ina sehemu 750, karati 14 ina 585, na karati 9 ina 375. Nambari hizo ndizo utakazoziona zimepigwa chapa nyuma ya pambo. Watu wa pwani yetu wamezoea karati 22 katika bangili na mikufu, kwa sababu rangi yake ni nzito na thamani yake haibishaniwi siku ya kuuza, na mazoea hayo ni mema kwa bangili isiyokunjwa wala kubanwa. Lakini kibanio cha tai cha karati 22 kitafunguka baada ya kuvaliwa mara chache na hakitarudi kubana, na kijiti chembamba cha karati 22 kitapinda. Kwa sehemu zinazofanya kazi, karati 18 ndiyo daraja la busara: bado ni robo tatu dhahabu, haibadiliki rangi kwa jasho kwa urahisi, na ina ugumu wa kutosha. Karati 14 ni ngumu zaidi na ni nafuu, wala si ya kudharauliwa. Karati 9 ina shaba na fedha nyingi kuliko dhahabu yenyewe, na jasho na chumvi huweza kuifubaza. Ichague pale tu kipato kinapokulazimisha, na kabla ya kuichagua ulinganishe kwanza na fedha nzuri.

Mara nyingi jibu lililo bora ni kuchanganya daraja mbili katika pambo moja: uso wa karati 22 kwa ajili ya rangi na nakshi, kijiti na mgongo wa karati 18 kwa ajili ya nguvu. Sonara stadi hulehemu daraja hizo mbili pamoja bila taabu. Lakini ikiwa utataka pambo lipigwe chapa, fahamu kwamba chapa ya haki ni ya daraja iliyo chini, yaani 750, wala si 916.

Rangi ya dhahabu huamuliwa na kile kilichochanganywa nayo. Shaba ikizidi, dhahabu huwa nyekundu. Fedha ikizidi, huwa ya manjano iliyopauka yenye dalili ya ukijani. Zikikaribiana, hupatikana manjano ya kawaida. Dhahabu nyeupe hupatikana kwa kutia paladi au nikeli, na hata hivyo weupe wake una ukijivu kidogo, ndiyo sababu huchovywa katika rodi, madini meupe yenye kung'aa, na ngozi hiyo ya rodi huchakaa kwenye kingo na kudai kuchovywa upya. Ukipenda weupe, umwambie sonara kwamba unataka ya paladi, si ya nikeli. Sababu nitaieleza mbele.

Hapa pana jambo ambalo mwongozo wa Kizungu hautakuambia, nalo linawahusu wasomaji wengi wa lugha hii. Madhehebu manne ya Sunni yanamkataza mwanamume kujipamba kwa dhahabu, na wengi wetu tumelelewa katika hukumu hiyo. Basi Mwislamu anayeishika asidanganywe na neno la muuzaji kwamba dhahabu nyeupe si dhahabu. Robo tatu ya dhahabu nyeupe ya karati 18 ni dhahabu ile ile, imebadilishwa rangi tu. Platini na paladi, kinyume chake, ni madini mengine kabisa kwa asili yake. Kuhusu fedha, pete ya fedha inajulikana kuwa halali kwa mwanamume, lakini katika mapambo mengine yasiyokuwa pete mafakihi wana maneno, na vilevile katika kitu kilichochovywa dhahabu kidogo. Hilo ni swali la kumpelekea mwenye elimu unayemwamini kabla ya kulipa arubuni, si baada ya kazi kwisha.

Watu wengi hawaendi kwa sonara mikono mitupu. Huenda na bangili za bibi, kipini cha mama, mkufu uliokatika, wakitaka viyeyushwe vifanywe vifungo vya bwana harusi. Ni desturi njema, lakini ina hesabu zake. Chukua gramu 20 za dhahabu ya karati 22: ndani yake mna dhahabu safi gramu 18.3. Ukitaka igeuzwe iwe karati 18, sonara ataongeza kiasi cha gramu 4.4 za fedha na shaba, na utapata gramu 24.4. Ukiona umerudishiwa vifungo vya karati 18 vyenye uzito ule ule wa gramu 20 ulizopeleka, na hakuna masalio uliyokabidhiwa, basi kuna dhahabu yako isiyoonekana, na una haki ya kuiuliza kwa upole. Jambo la pili ni kwamba mapambo ya zamani yana lehemu katika viungo vyake, na lehemu ina daraja ya chini kuliko dhahabu inayoiunga, hivyo bangili yenye viungo vingi ikiyeyushwa yote haitatoa karati 22 kamili. Sharti iyeyushwe kwanza, ipimwe, kisha hesabu ifanywe juu ya kilichopatikana, si juu ya kilichodhaniwa. Kadhalika dhahabu mbichi ya wachimbaji wadogo, kama ile ya Geita, haitoki ardhini ikiwa safi. Hutoka na fedha ndani yake, na nchini Tanzania biashara ya madini ghafi inataka leseni, kwa hiyo usiinunue njiani ukidhani umepata nafuu.

Ama fedha, hiyo ndiyo ningeipendekeza kwa mtu anayeagiza kwa mara ya kwanza, na naisema hivyo bila kusita. Fedha inapokea nakshi kwa uzuri usiopatikana katika madini mengine kwa bei yake, weupe wake una joto ambalo chuma hakina, inafulika na kulehemika kwa karibu kila sonara wa pwani, na ukikosea umbo inaweza kuyeyushwa na kuanzwa upya bila hasara kubwa. Fedha safi ni laini, basi huchanganywa na shaba. Daraja mashuhuri ni 925, yaani sehemu 925 za fedha na 75 za shaba katika 1000, na daraja hiyo Waingereza waliifanya sheria tangu mwaka 1300, wakati mfalme Edward wa Kwanza alipoamuru kwamba vyombo vya fedha visipungue kiwango hicho na vipigwe chapa ya kichwa cha chui kabla ya kuuzwa. Hata leo, anayeishi Uingereza akaagiza vifungo vya fedha vyenye uzito wa gramu 7.78 au zaidi, sharti vipelekwe kupimwa na kupigwa chapa na ofisi iliyowekwa kwa kazi hiyo, kama ile ya Birmingham iliyoanzishwa mwaka 1773 na ambayo alama yake ni nanga.

Huku kwetu fedha nyingi ya zamani ilitoka katika riale ya Maria Theresa, sarafu kubwa iliyotumika Unguja, Oman na Uhabeshi, ambayo huonyesha mwaka 1780 hata kama ilipigwa muda mrefu baadaye. Masonara wa Oman waliiyeyusha kwa wingi kufanya vyombo na mapambo. Kama umerithi riale hizo na unafikiri kuzifanya vifungo, jua kwanza kwamba fedha yake ni sehemu 833 tu katika 1000. Riale moja ina uzito wa gramu 28 na kidogo, na fedha safi iliyomo ni gramu 23.4; ili kuifikisha daraja ya 925 utalazimika kuongeza kiasi cha gramu 34 za fedha safi, yaani zaidi ya uzito wa riale yenyewe. Kwa sababu hiyo, ama ifanye kazi ikiwa 833 kama ilivyo, nayo ni ngumu na yafaa sana kwa kijiti na kibanio ingawa huingia weusi upesi zaidi, ama iache iwe sarafu. Mimi ningeiacha, au ningeifanya kuwa uso wa kibanio cha tai bila kuiyeyusha.

Fedha huingia weusi kwa sababu ya salfa, yaani kibiriti upele, iliyomo hewani, jikoni, katika moshi wa magari na katika mpira. Weusi huo hukaa juu juu na kuondoka kwa kufutwa, tena katika nakshi ni neema: sonara huweza kuifanya fedha iwe nyeusi kwa makusudi, kisha akang'arisha juu na kuuacha weusi ndani ya mistari, herufi zako zikasomeka kutoka mbali. Usimkubalie basi mtu anayekushauri kuchovya rodi juu ya fedha iliyochorwa kwa mkono. Itang'aa kama kioo, lakini kina cha nakshi kitapotea. Kama weusi unakuchukiza kabisa, iko fedha inayotiwa jermaniamu kidogo badala ya sehemu ya shaba, ambayo hupambana na weusi vizuri zaidi. Si kila sonara anayo, na yabidi kuiagizia.

Ugumu wa fedha na wa dhahabu hautegemei mchanganyiko peke yake. Madini yanayofuliwa yakiwa baridi, yakavutwa kuwa uzi au kupigwa juu ya fuawe, hukaza na kupata tabia ya kamani. Yakipashwa moto mpaka kuwa mekundu hulegea tena. Hii ndiyo siri ya kibanio cha tai kizuri. Kama sonara atakikunja kwanza kisha akalehemu uso wake baadaye, joto la lehemu litaua ukakamavu wote na kibanio kitabaki kama karatasi. Mwambie alehemu kwanza, afue na kukunja mwisho. Na kwa sababu hiyo hiyo, kijiti kilichofuliwa ni bora kuliko kijiti kilichosubiwa katika kalibu, ambacho huweza kuwa na vitundu vidogo ndani visivyoonekana. Kusubu kunafaa uso wenye umbo la kupinda, kama ganda la kombe au fundo la kamba. Hakufai kinachobeba mkazo.

Kwa platini sitakaa sana. Ni nzito, nyeupe kwa asili, haifubai, na daraja yake ya kawaida ni 950. Lakini huyeyuka katika nyuzi 1768 za Selsiasi, wakati dhahabu huyeyuka katika nyuzi 1064 na fedha katika 961, na sonara asiye na vifaa vyake hawezi kuifanyia kazi kwa heshima. Kama sonara wako anasema anaweza, mwombe akuonyeshe kazi yake ya zamani. Paladi ni ndugu yake iliyo nyepesi, nayo ina shida ile ile ya mafundi.

Uzito ni jambo ambalo wachache hulifikiri mpaka shati limevaliwa. Chukua jozi ya vifungo ambayo ikifanywa kwa fedha ya 925 ina gramu 18. Jozi hiyo hiyo, kwa umbo na unene ule ule, ikifanywa kwa dhahabu ya karati 18 itafika karibu gramu 27; kwa platini itafika karibu gramu 35; kwa shaba ya manjano itashuka hadi karibu gramu 15; na kwa titani haitafika gramu 8. Hesabu hii ina maana mbili. Kwanza, bei ya gramu haitoshi kukuambia bei ya pambo, kwa kuwa dhahabu inakugharimu mara mbili: gramu yake ni ghali, na umbo lile lile linakula gramu nyingi zaidi. Pili, kitambaa nacho kina neno lake. Shati la pamba nyepesi, ambalo ndilo livaliwalo katika joto la Mombasa au Dar es Salaam, huvutwa chini na kifungo kizito, mkono ukalegea na kupinda upande. Na vishikizo vya kifuani vikiwa vizito huinamisha ukanda wa mbele wa shati. Kwa kitambaa chembamba, punguza unene wa uso kabla hujapunguza unene wa kijiti, lakini kama unataka herufi zichongwe, usiruhusu uso uwe chini ya milimita moja.

Tufike kwenye madini ya bei nafuu na yale yaliyochovywa. Shaba ya manjano, iliyo mchanganyiko wa shaba nyekundu na zinki, ni madini ya heshima kwa yule asiyeificha: inang'aa, inafulika, ina ukakamavu wa kutosha kwa kibanio, na ikikaa huchukua rangi nzito ya kale ambayo wengine huipenda. Ubaya wake ni kwamba jasho na hewa ya bahari huitia kutu ya kijani, na kijani hicho hushika katika nguo nyeupe; kwa hiyo itumie katika kibanio cha tai, kisicholala juu ya ngozi, wala usiitumie katika vijiti vinavyotiwa ndani ya ukosi kuunyoosha, ambako jasho la shingo ni la daima. Vijiti hivyo vya ukosi, kwa kweli, vifanye kwa chuma cha pua kisichoshika kutu na usijisumbue na vingine.

Kuchovya kuna historia ndefu katika vifungo hasa. Thomas Boulsover wa Sheffield, karibu mwaka 1743, aligundua namna ya kuunganisha bamba la fedha juu ya shaba kwa joto na mkazo, na kazi yake ya kwanza ya kibiashara ilikuwa vifungo. Karne moja baadaye, mwaka 1840, akina Elkington wa Birmingham walipata hati ya ugunduzi wa kuchovya kwa umeme, na tangu hapo ngozi ya dhahabu ikaweza kufanywa nyembamba mno. Wembamba huo ndio wa kuuliza. Nchini Marekani kitu hakiruhusiwi kuitwa fedha iliyovikwa dhahabu, kwa jina lake la kibiashara la vermeil, mpaka ngozi yake ya dhahabu iwe na unene wa mikroni 2.5, yaani sehemu mbili na nusu katika elfu za milimita moja, na hicho nakiona ni kiwango cha chini cha kukubali kwa kitu kitakachosuguana na kitambaa. Muuzaji asiyejua unene wa alichokichovya hajui anachokuuzia. Tena kitu kilichochovywa hakichorwi baadaye, kwa kuwa patasi itakata ngozi na kufunua kilicho chini. Chora kwanza, chovya baadaye.

Nikeli niliyoiahidi ni hii. Ni madini meupe, magumu na rahisi, na hutiwa katika dhahabu nyeupe ya bei nafuu, chini ya ngozi ya dhahabu iliyochovywa juu ya shaba, na katika mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki ambao biashara huuita fedha ya Kijerumani ingawa hauna chembe ya fedha ndani yake. Jasho huiyeyusha kidogo kidogo, na kwa watu wengine ngozi ikishaichukia nikeli huichukia maisha yao yote: huwasha, huwa nyekundu, hutoka vipele. Umoja wa Ulaya ulitunga amri mwaka 1994 ya kuizuia katika vitu vinavyogusa ngozi kwa muda mrefu, na kiwango chake ni kwamba kitu hicho kisitoe zaidi ya mikrogramu 0.5 kwa kila sentimita ya mraba kwa juma. Katika mapambo ya shati, hatari iko zaidi katika mgongo wa vishikizo vya kifuani na katika pini ya ukosi, kwa kuwa hapo ndipo jasho hukutana na madini. Kama umewahi kuwashwa na saa au mkanda, taja jambo hilo kwa sonara kabla ya lolote.

Chuma cha pua chenye molibideni, kile kinachojulikana kwa nambari 316L, kina nikeli lakini huishika ndani kwa nguvu, hustahimili maji ya chumvi, na kwa bawaba na kamani hakina mshindani. Titani ni nyepesi na haina nikeli, tena hupewa rangi za buluu na zambarau kwa umeme bila kupakwa rangi yoyote; lakini haikubali lehemu ya kawaida, kwa sababu ikipashwa moto hewani huharibika, kwa hiyo ni ya mafundi wa mashine, si ya sonara wa jirani. Chuma na titani zote mbili ni shida kurekebisha. Kile unachoagiza ndicho utakachokufa nacho.

Ukitaka kito usoni, kanuni inageuka, na ulaini unakuwa fadhila: ukingo unaozunguka kito na kukishika hufanywa kwa fedha safi au dhahabu ya karati 22, ili uweze kukandamizwa juu ya jiwe bila kulivunja. Yakuti na almasi hustahimili kugongwa na meza. Tanzanaiti, iliyogunduliwa Mererani mwaka 1967 na ambayo sisi tuna fahari nayo, ina ugumu wa 6 hadi 7 katika kipimo cha Mohs na huogopa pigo na mabadiliko ya ghafla ya joto, kwa hiyo sharti ikae chini kidogo ya ukingo wake, na kazi yote ya moto iwe imekwisha kabla haijawekwa. Akiki ni rahisi, imara, na katika fedha ina haiba isiyochosha.

Sasa nenda kwa sonara, iwe ni katika maduka ya Mtaa wa Indira Gandhi mjini Dar es Salaam, au ya Mji Mkongwe Unguja, na uandikiane naye. Karatasi itaje madini ya uso, ya kijiti, na ya kamani kila moja kwa daraja yake, uzito wa ulichokileta na daraja yake baada ya kuyeyushwa, uwiano wa fedha na shaba vilivyotiwa, uzito unaotarajiwa, na nani atachukua vumbi la tupa. Vumbi hilo katika kazi ya dhahabu si kitu cha kupuuzwa, na wengi huafikiana kiwango cha upungufu kabla ya kazi kuanza, ambalo ndilo jambo la adili kwa pande zote mbili. Siku ya kupokea, pima mbele yake. Mwombe asugue pambo juu ya jiwe la kupimia na kutia tindikali, ulinganishe mchirizi wake na mchirizi wa daraja inayojulikana. Kipimo hicho hutazama juu tu, kwa hiyo kwa kitu kizima kisicho na kamani wala kito waweza pia kukipima ndani ya maji: vifungo vya fedha ya 925 vyenye gramu 18 vikining'inizwa majini vitapungua uzito kwa gramu 1.7 na kidogo, na vikipungua zaidi ya hapo kwa kiasi cha kuonekana, ndani yake mna madini mepesi kuliko fedha. Sumaku itakuambia kama mna chuma, lakini kumbuka kwamba kamani inaweza kuvutwa nayo bila udanganyifu wowote.

Baada ya hapo matunzo ni machache. Nyunyiza marashi na fukiza udi kabla ya kuvaa vifungo, si baada yake. Vitoe kabla shati halijakwenda kwa dobi, kwani dawa ya klorini inayong'arisha nguo nyeupe huishambulia dhahabu ya daraja za chini na shaba iliyomo ndani ya fedha. Viweke katika mfuko wa pamba, kila kimoja peke yake, mbali na vitu vya mpira. Fedha iliyoingia weusi ioshe kwa maji ya vuguvugu na sabuni, na ikiwa haina kito wala nakshi ya weusi wa makusudi, ilaze juu ya karatasi ya alumini katika maji ya moto yenye magadi, weusi utahama wenyewe. Kila mwaka ijaribu bawaba kwa kidole, na ukiona kamani imelegea mrudishie sonara kabla hujakivaa kifungo tena. Maana kubadili kamani ni kazi ya saa moja, lakini kutengeneza pacha wa kifungo kilichopotea, chenye rangi ile ile hasa, hakuwezekani isipokuwa kama ile karatasi yenye uwiano wa fedha na shaba ungali nayo.